Bahari ya Mwanamke Inaishia Kiunoni

Ikifika bamvua, pwani ya mashariki ya Unguja hukauka mapema. Saa nne asubuhi maji yameshakwenda zake hadi karibu na mwamba, na nyuma yake panabaki mchanga, nyasi za bahari na vidimbwi vya maji ya magotini. Hapo ndipo wanawake wa Paje, Jambiani, Bwejuu na Makunduchi huteremka na kamba zao na magunia yao kwenda kwenye makonde ya mwani. Hukaa huko migongo imeinama mpaka maji yaanze kurudi mchana, jua likiwa utosini. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwa zaidi ya miaka thelathini sasa wanawake hao wamepanga harusi, safari, hata siku ya kwenda hospitali, kwa kuufuata mwendo huo.

Nimekulia kwenye kijiji kimoja cha pwani hiyo, mtoto wa mwanamke wa mwani. Nimechoka kusikia mabadiliko ya tabianchi yakizungumzwa kana kwamba ni habari ya mvua na joto peke yake, na nimechoka zaidi kusikia wanawake wakitajwa mwishoni mwa hotuba kwa kuonewa huruma. Kilichowapata mama zetu na dada zetu wa mwani kinaonekana kwa macho, na wakati wa kupwa unaweza kukikanyaga kwa miguu. Joto limeua zao kwenye maji mafupi. Mila imewazuia waliolipanda wasilifuate kwenye maji marefu. Tukilitaja la kwanza na kulinyamazia la pili, tutakuwa tumeisingizia bahari makosa yetu wenyewe.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza huku mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Unachomeka vijiti viwili mchangani, unafunga kamba baina yake, na kwenye kamba unafungia vipande vya mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba. Baada ya wiki sita hivi unavuna, unabeba gunia linalochuruzika maji mpaka juu, unaanika. Karibu kilo saba au nane za mwani mbichi hukupa kilo moja kavu. Kampuni hununua, hupakia na kusafirisha ng'ambo, na huko mwani hukamuliwa ute uitwao karajini, unaotiwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu, vipodozi na dawa za hospitali.

Mwanzoni wanaume nao walilima. Bei ilipobaki chini na kazi ikabaki ile ile ya kuinama, wengi wao waliacha wakarudi kwenye uvuvi, au wakatafuta kazi kwenye hoteli zilizokuwa zikijengwa ufukweni. Wanawake walibaki kwa sababu hawakuwa na pa kurudi. Leo wakulima wa mwani Zanzibar wanazidi 20,000, takriban wanane katika kila kumi ni wanawake, na zao lao hutajwa baada ya utalii na karafuu kila inapohesabiwa fedha ya kigeni ya visiwa hivi.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hakuwepo ni kitu gani fedha ile ilifanya. Kabla ya mwani, mwanamke wa kijijini kwetu alifukia makumbi pwani, akayafukua baada ya miezi yakiwa yameoza na kunuka, akayapiga, akasokota kamba, na alicholipwa kilikuwa kidogo mno. Mwani ulipokuja, wanawake walinunua mabati, vitanda, vyombo na sare za shule, na walinunua kwa mikono yao. Katika miaka ya mwanzo nyumba kadhaa zilivunjika. Mume alimtaka mkewe arudi jikoni, na mke akamjibu, kwa adabu zake zote, kwamba unga uliomo jikoni kaununua yeye. Baadaye waume walizoea, na wengine wakaanza kujivunia. Bati la kwanza la nyumba yetu lilitoka kwenye mwani wa mama. Baba hakulikana hilo hata siku moja, na namheshimu kwa hilo.

Mwani wenyewe ulikuwa wa aina mbili: spinosamu, mwembamba wenye vimiba, na kotonii, mnene na mzito. Kotonii ndio uliokuwa na bei, mara mbili ya mwenzake au zaidi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii ukaanza kufa Unguja. Wanawake waliteremka pwani wakakuta ncha zimekuwa nyeupe kama zilizomwagiwa maji ya moto, wakizishika zinakatikia mkononi. Walipanda tena, ukafa tena. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja, akiwemo Dk. Flower Msuya ambaye ameitoa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kwa wakulima hawa, walipima maji ya makondeni. Kotonii hupendelea maji yasiyozidi nyuzi 30 za Selsiasi au zaidi kidogo tu. Kwenye maji mafupi ya mchana joto lilipita 35. Mmea uliochoshwa na joto huandamwa na bakteria, ukapauka na kukatika vipande.

Jambo hili lataka kuelezwa taratibu. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni miongoni mwa sehemu za bahari za tropiki zilizopanda joto kwa kasi kubwa zaidi. Tangu mwanzo wa karne ya 20 joto lake limeongezeka kwa zaidi ya nyuzi 1. Mtu wa bara anaweza kuiona nyuzi 1 kuwa si kitu. Lakini bamvua ya kwetu hukausha pwani mchana, na maji yanayobaki ndani ya mwamba ni haba na yametulia. Jua la kaskazi huyapiga saa kadhaa mfululizo. Pengo kati ya joto ambalo kotonii unalistahimili na joto linaloua lilikuwa jembamba tangu hapo, na nyuzi hiyo moja imelimaliza. Nje zaidi, kwenye maji ya mita mbili mpaka nne ambayo hayakauki, bahari hujichanganya na kubaki na ubaridi wake. Huko kotonii huweza kuishi. Na huko si mbali: ukisimama kwenye konde la mwani na kunyoosha mkono, unapaona.

Ndipo wataalamu wakasema wakulima wahamie maji marefu. Wamejaribu nyavu zilizoshonwa mithili ya mirija, mbegu zikiwa ndani, zimetiwa nanga chini na maboya juu ili mawimbi yasizibebe na tasi wasiumalize mwani kwa kuula. Jaribio lilionyesha kwamba kotonii unaota. Lakini kazi hiyo inahitaji chombo cha kufikia huko, na inahitaji mtu anayejua kuogelea. Wanawake wengi wa mwani hawana chombo. Wengi hawajui kuogelea, ingawa wamezaliwa hatua mia mbili kutoka baharini na wameshinda humo tangu utotoni.

Msomaji asiye wa pwani atashangaa. Sisi tuliozaliwa huku hatushangai, na hapo ndipo penye tatizo. Bahari yetu imegawiwa kwa kina. Hakuna sheria iliyoandika hivyo, wala sheha aliyewahi kuitangaza. Lakini kila mtoto anajua kwamba maji ya kifundoni, ya magotini na ya kiunoni ni ya wanawake: humo huchokolewa chaza, hutafutwa pweza kwa kijiti, hutandwa dagaa kwa nguo. Maji yanayotaka ngalawa au dau ni ya wanaume.

Mimi nilijifunza kuogelea bila kufundishwa. Nilikuwa na umri wa miaka saba, nikiruka kutoka kwenye ngalawa za wakubwa zilizofungwa, nikinywa maji ya chumvi na kuchekwa, mpaka siku moja sikuyanywa tena. Dada yangu, ambaye nimemzidi miaka miwili, alikuwa nasi siku zile za mwanzo. Kisha akaanza kuitwa. Kulikuwa daima na kitu cha kuitiwa: mtoto wa kubembeleza, nazi ya kukuna, kuni, kamba. Na alipoanza kukua, alikatazwa kabisa, kwa sababu nguo iliyolowa inashika mwili. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kwamba huyu asijue kuogelea. Ilitokea kidogo kidogo, kwa mapenzi na kwa ulinzi, na mimi niliyekuwa naelea mle ndani sikuuliza kwa nini mwenzangu hayupo. Leo dada yangu ni mkulima wa mwani. Anapanda spinosamu, kwa sababu kotonii haumkubali tena pale anapofika yeye.

Nilipokwenda kumwona mwaka jana nilimuuliza kama angependa kulima maji marefu. Akanijibu, "Kaka, mimi nikivuka pale kwenye weusi," akiwa na maana pale rangi ya maji inapobadilika, "nani ataniokota?" Alilisema kama mtu anayetaja bei ya unga.

Hasara yake inahesabika. Kwa miaka mingi kilo ya spinosamu kavu haikufika shilingi 1,000, na ilikuwepo misimu iliyouzwa kwa mia nne na mia tano. Kwa kilo hiyo moja ameshabeba kilo saba au nane za majani yaliyolowa. Wenye kuugua mgongo, macho mekundu kwa mwako wa jua juu ya maji, nyayo zilizochomwa na miba ya bahari, wamo katika kila nyumba ya kijiji chetu. Aghalabu kampuni ndiyo inayotoa kamba na taitai, na aliyepewa kamba humuuzia aliyempa, kwa bei ya aliyempa. Kotonii ulikuwa ndio mlango pekee wa mkulima wa kupata mara mbili kwa jasho lile lile, na mlango huo sasa uko mahali ambapo mwanamke hafiki.

Lipo tena jambo ambalo sijasikia likisemwa vya kutosha. Mpaka huu wa kina huvukwa kwa upande mmoja. Hoteli zilipozidi na pweza akapanda bei, wanaume walikuja na miwani na mishale kwenye maji ambayo zamani yalikuwa ya mama zetu na vijiti vyao, na hakuna aliyewaambia wanavunja mila. Mwani ulipokuwa mpya na wenye matumaini, waliingia. Ulipokuwa hauna faida, walitoka. Mwanamume huingia maji mafupi akitaka na kurudi maji marefu akitaka. Mwanamke akikaribia maji marefu, ghafla tunazikumbuka heshima, hatari na desturi. Mila inayomfunga mmoja na kumwachia mwingine siwezi kuiita mgawano wa kazi. Ni umiliki wa bahari, na wenye kumiliki ni sisi wanaume.

Najua wavuvi nao wanaumia. Matumbawe yalipauka mwaka 1998, yakapauka tena 2016, na samaki waliokuwa wakivuliwa karibu sasa hutafutwa mbali zaidi kwa gharama kubwa ya mafuta. Ninao ndugu baharini na sidharau shida yao. Lakini mvuvi samaki wakihama huwafuata. Chombo anacho, au anacho nahodha wa kumchukua, na mwili wake unajua maji. Joto lile lile la bahari limempiga yeye na dada yake, na aliyebakiwa na pa kuhamia ni mmoja.

Kwa hiyo silipendi neno "waathirika" linavyotumika kwenye makongamano. Linawaweka wanawake kwenye orodha moja na matumbawe na mikoko, kama kitu kilichopigwa na hali ya hewa, na halimlazimishi yeyote kujibu swali. Aprili 1991 kimbunga kiliipiga pwani ya Bangladesh na kuua watu wapatao 140,000. Miongoni mwa watu wazima, wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Upepo haukuwachagua. Wapo waliokuwa majumbani na watoto wakisubiri waume waje ndipo watoke, wapo walioelemewa na nguo zao ndani ya maji, wapo ambao hawakufundishwa kuogelea. Tangu mwaka 2014 mikutano ya Umoja wa Mataifa ya tabianchi ina mpango wa kazi kuhusu jinsia, uliopitishwa Lima, na ni vizuri uwepo. Lakini hakuna mkutano utakaomfundisha binti wa Jambiani kuelea. Hilo liko mikononi mwetu.

Na inawezekana, kwa sababu limekwishafanyika. Kule Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, Mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea kwa zaidi ya miaka kumi, wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili kuanzia kichwani mpaka miguuni, na wanaofundisha ni wanawake waliofundishwa hapo hapo. Jambiani wapo wanawake walioacha mwani wakalima sifongo, wale viumbe wa baharini wanaotumika kuogea, kwenye maji ambayo hayakauki. Walianza kwa kujifunza kuogelea, wakiwa watu wazima na wengine wakiwa mama wa watoto kadhaa, na leo wanazitunza sifongo zao wakiwa na miwani ya kupigia mbizi. Sifongo moja huuzwa kwa bei inayopita kilo nyingi za mwani.

Wazee wanaosema kuogelea si kwa mtoto wa kike nawajibu kwa heshima, na kwa lugha ya nyumbani. Sote tumekua tukisikia madrasa agizo linalonasibishwa na Sayyidna Umar, la kuwafundisha watoto kuogelea, kulenga shabaha na kupanda farasi. Mimi sikumbuki mwalimu yeyote akisema watoto hao ni wa kiume peke yao. Sitara inaweza kushonwa. Mwalimu wa kike anaweza kupatikana. Saa za peke yao zinaweza kutengwa, na pwani ina nafasi. Na sisi watu wa visiwa, tuliosimama Nungwi tukingoja miili baada ya MV Spice Islander kuzama Septemba 10, 2011, hatuna sababu ya kumficha mtoto yeyote elimu ya maji. Sisemi kuogelea kungewaokoa watu wote usiku ule. Nasema kumzuia mtoto asiijue bahari inayomzunguka hakuwezi kuitwa kumlinda.

Chombo nacho kina mambo yake. Serikali ya Mapinduzi imeutangaza Uchumi wa Buluu kuwa njia ya maendeleo, imeunda wizara yake, na imegawa boti, nyingine zikielekezwa kwa wakulima wa mwani. Nimefurahi. Lakini sote tunajua mapato yanavyogawanywa pwani: kwanza linatoka fungu la chombo, kisha la nahodha, ndipo wengine wanapata. Kikundi cha wanawake kikipewa boti ambayo hakuna mmoja wao anayeweza kuiendesha, kitaajiri mwanamume wa kuwapeleka makondeni. Siku samaki wanapokuwa wengi, mwanamume huyo ataichukua kwenda kuvua, na wanawake watakaa ufukweni na mbegu zao zinakauka. Bado boti itahesabiwa kwenye ripoti kuwa ni ya wanawake. Mafunzo ya kuogelea, ya unahodha na ya kutengeneza mashine yatangulie boti au yaje pamoja nayo. Yakija baadaye, hayatakuja.

Sisemi kila mama wa miaka hamsini aliyechoka mgongo apelekwe maji ya mita nne. Wapo watakaotaka kubaki kwenye spinosamu yao, na hao wanahitaji bei ya haki, viatu na miwani ya jua, na vifaa vya kusaga mwani wao wenyewe na kutengeneza sabuni, kama vikundi kadhaa vinavyofanya sasa. Mama yangu mwenyewe hakuwahi kuvuka kiuno na sasa hashuki tena pwani. Lakini mabinti zao wana miaka minane, tisa, kumi. Bahari watakayoikuta wakiwa na miaka ishirini itakuwa na joto zaidi ya hii.

Dada yangu anaye binti. Likizo iliyopita nilimchukua mimi mwenyewe, pamoja na wanangu wawili wa kiume, tukashuka asubuhi maji yakiwa bado yamejaa. Mama yake alisimama mchangani muda wote, mkono mdomoni. Siku ya nne mtoto alielea. Mama mtu akageuka, akakaa chini, akajifunika uso kwa kanga.

Nawaomba wawakilishi wetu wa majimbo ya pwani, bajeti ya Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi itakapofika Barazani, waulize kuhusu kila boti iliyotolewa kwa jina la wanawake wa mwani: nahodha wake ni nani, na wanawake wangapi kati ya waliosajiliwa humo wanajua kuogelea. Waulize kwa idadi, na wasikae mpaka wajibiwe.